Waya wa Taipu C "spidi kali" wa mita 3: wauzaji wa Moshi mnatuona mabwege?

Wakuu salaam. Leo mtanisamehe lugha, nimefura.

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vifaa vya simu hapa Moshi mjini, nikamwambia kijana nataka waya wa Taipu C kwa Taipu C, mrefu, wa kuhamisha video toka laptopu kwenda diski ya SSD. Nikarudia: kuhamisha, siyo kuchaji. Akanishushia waya mnene umesukwa kama kamba ya buti, mita 3, boksi limeandikwa wati 100. "Kaka, huu ndio baba lao, spidi kali." Elfu 25 ikanitoka.

Jumamosi nikapiga sendofu Kibosho. Jumapili jioni mjomba wa bibi harusi yupo sebuleni kwangu, gari linaunguruma nje, safari ya Dar, anasubiri video zake, gigabaiti 180. Nachomeka. Laptopu inaniambia saa moja na dakika ishirini! Megabaiti 38 kwa sekunde, haipandi hata kwa maombi. Mzee anatazama saa yake, mimi jasho linanitoka.

Nikampigia yule kijana. Jibu lake: "Diski yako imechoka kaka, ilete tuifomati." Tuifomati! Yenye sendofu ya watu ndani!

Kilichoniokoa ni jirani. Akaniazima kawaya kake kafupi kalikokuja kwenye boksi la SSD, hakafiki hata sentimita 30. Diski ileile, tundu lilelile: zaidi ya megabaiti 700 kwa sekunde. Dakika nne na ushee mzee yuko barabarani.

Sasa wauzaji, sikilizeni. Mdomo wa Taipu C ni mmoja, utumbo ndio tofauti. Wati 100 ni habari ya umeme tu. Waya unaweza kubeba wati zote hizo huku data inajikongoja kwa USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ndiyo baiti moja), mambo ya mwaka 2000, kwa sababu nyaya za ndani za spidi kubwa hazikuwekwa. Hata iPhone 15 Pro yenyewe inapitisha gigabiti 10, lakini waya uliomo kwenye boksi lake ni USB 2.0. Na urefu una bei yake: waya wa kawaida, usio na chipu ya kuipa data nguvu njiani, wa gigabiti 10 unaishia kama mita 1, wa gigabiti 5 mita 2, wa gigabiti 40 sentimita 80 hivi. Mita 3 kwa elfu 25? Huo ni wa chaji, basi.

(Nakiri, mita 3 nilizitaka kwa uvivu, nihariri nimejilaza kwenye kochi. Lakini kazi ya muuzaji si ndiyo kuniambia?)

Jumatatu nikaurudisha. Akanionyesha risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Halafu eti, "Mbona unachaji vizuri?" Jamani!

Nani hapa Moshi au Arusha anauza wa mita 1, ulioandikwa kabisa gigabiti 10? Hata Arusha napanda Coaster nakuja. Ila nakuja na laptopu na diski yangu, tunapima palepale kaunta, ndipo hela itoke mfukoni.