Boti ya Bukavu kwenda Goma inaondoka saa ngapi? Nimechoka kuambiwa "mama, njoo tu mapema"

Ndugu zangu mnaovuka Ziwa Kivu, naomba mnisikilize, na mwenye jibu anipe jibu, kwa maana mimi nimekwisha kuuliza kwa simu, kwa miguu, kwa upole na kwa makelele, na hadi leo sijui chombo kinachobeba watu kwa fedha zao kinang'oa nanga saa ngapi.

Mimi ni shangazi wa kijana aliyekuwa akipeleka mahari Goma. Kwetu Bukavu shangazi hawezi kukaa kando katika shughuli kama hiyo, na kwa kuwa ukoo mzima unajua kwamba napenda daftari na kalamu, wazee walinikabidhi safari yote: watu 14, kreti nne za vinywaji, bidoni mbili za pombe ya kasiksi, vitenge vya mama mkwe, na bahasha ya fedha za ng'ombe ambayo kaka yangu aliishonea mfuko ndani ya koti. Wakwe walitujulisha kwamba wangetupokea saa sita kamili ya mchana. Boti ya kasi huchukua kama saa tatu kukata zile kilomita 100 hivi za maji, kwa hiyo tukiondoka saa moja asubuhi tungefika saa nne, tukabadilisha nguo kwa mdogo wangu anayekaa Himbi, na kubisha hodi kwa wakwe tukiwa na nyuso za watu wenye adabu.

Siku tisa kabla ya safari nilipiga simu kwenye ofisi ya boti. Aliyepokea aliniambia "saa saba". Nikamuuliza ni saba ipi, kwa sababu katika mji huu mtu mmoja husema saa saba akimaanisha mchana, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, na mwingine husema saba akiwa anafikiri kwa Kifaransa, yaani saa moja asubuhi. Alicheka. "Saba, mama, saba kama kawaida." Kawaida ya boti za kasi ninayoijua mimi ni asubuhi, nami nikaandika asubuhi. Nilipokwenda kulipa, bileti zote 14 zilikuwa zimechapwa 08.00, na karani akanieleza bila aibu yoyote kwamba saa iliyo kwenye bileti "ni ya mashine". Siku ya safari nikakuta ubao wa chaki umeegemezwa ukutani penye mlango wa kuingilia bandarini, umeandikwa 7h30, na chini yake tarehe ya wiki iliyotangulia. Hapo tayari nilikuwa na saa tatu tofauti za boti moja, na boti yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye gati, haina nahodha, haina mafuta, na kijana mmoja anaisugua sakafu polepole kama mtu asiyetarajia mgeni.

Tulingoja tangu saa kumi na mbili na nusu. Baba mdogo, aliyekuwa amefika kutoka Kinshasa kwa ajili ya shughuli hiyo, ndiye peke yake aliyekuwa ametulia, kwani saa yake ya mkononi ilikuwa bado inafuata Kinshasa, iliyo nyuma yetu kwa saa moja, na kila tulipolalamika alitutuliza kwamba muda haujafika. Tulimwacha na amani yake. Kasiksi haikuwa na amani. Pombe ya ndizi haiachi kuchacha kwa sababu wewe umeketi kwenye bandari. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo bidoni zilivyovimba tumbo, na shemeji yangu akawa analegeza vifuniko kila baada ya dakika chache, ile hewa ikitoka kwa mlio, hadi bidoni ya pili ilipomshinda na kumwagia nusu ya povu lake kwenye suruali nyeupe ya bwana harusi. Mnaweza kucheka. Mimi nilikwenda kwa karani.

Karani aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba alipotamka saa saba alikuwa anamaanisha saa saba ya Kiswahili, yaani mchana, na kwamba kosa ni langu. Ningekubali. Ningeinamisha kichwa na kurudi kwa wazee kuomba radhi. Lakini mama mmoja mchuuzi wa vitambaa aliyekuwa ameketi juu ya mafurushi yake nyuma yangu alisikia, akasimama, akasema kwamba yeye karani huyohuyo alimwambia "saa moja", na kwamba alikuwa bandarini tangu kabla ya alfajiri. Boti moja, siku moja, karani mmoja. Ndipo nilipomwona jinsi alivyokuwa akitupitia macho, midomo ikitikisika: alikuwa anatuhesabu. Boti ilikuwa haijajaa, basi.

Hilo ndilo linalonichoma. Ratiba haikosekani kwa sababu haijulikani. Ratiba inafichwa. Mwenye boti anajua kabisa kwamba akikuambia ukweli, yaani kwamba ataondoka akipata watu wa kutosha, utakwenda kuuliza kwa jirani yake. Kwa hiyo anakupa saa ya kukuvuta, anakukatia bileti, na bileti ikishakatwa wewe si mteja tena, wewe ni mzigo uliokwisha kuingia ghalani.

Tuliondoka saa saba na dakika arobaini za mchana. Upepo wa kusini wa kiangazi ulikuwa umeamka, mawimbi yakawa yanapiga ubavu wa boti tangu tulipokikaribia kisiwa cha Idjwi, na nahodha, kwa haki kabisa, akapunguza mwendo. Tukafunga gati Goma saa kumi na moja. Kufunga gati si kufika, kwani kuna foleni ya maofisa wanaoandika jina la kila msafiri na namba ya kadi yake ya uchaguzi kwenye kitabu, mstari kwa mstari. Tulipobisha hodi kwa wakwe giza lilikuwa linaingia, msemaji wao alikuwa amekwisha kwenda zake, akabidi aitwe tena na kurudishwa kwa pikipiki akiwa amenuna, na neno lake la kwanza lilikuwa faini ya mbuzi mmoja kwa kuchelewa. Tumelipa. Nani atanirudishia mbuzi huyo? Na nani atamwondolea kijana wetu sifa ya kwamba ukoo wake hauheshimu saa?

Nina mpwa anayeishi Mombasa, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni wanaoshuka kutoka kwenye zile meli kubwa za watalii. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akanieleza yeye anavyopanga kazi yake. Kampuni za meli hizo hutangaza safari zao zaidi ya mwaka mmoja kabla, bandari kwa bandari, kila siku ikiwa na saa ya kufika na saa ya kuondoka. Yeye haichukulii saa ya kufika kama saa ya kukutana na wageni, kwa kuwa baada ya meli kufungwa kuna ukaguzi kabla mtu hajaruhusiwa kukanyaga nchi kavu, na saa ya kuondoka haihesabu hivyo hivyo, kwa kuwa abiria hutakiwa wawe wamerudi melini nusu saa au saa nzima kabla. Huuliza pia kama meli inafuata saa ya nchi au saa yake yenyewe, jambo ambalo lilinikumbusha baba mdogo. Na tangu mwisho wa mwaka 2004 mkataba wa kimataifa wa usalama wa vyombo vya bahari unazitaka meli za abiria ziendazo nchi hadi nchi ziwe na mtambo unaotangaza jina lake, mahali zilipo na mwendo wake, kwa hiyo asubuhi huifungua simu yake na kuiona meli ingali baharini. Hutokea nahodha akairuka bandari nzima kwa sababu ya dhoruba. Hilo pia hutangazwa.

Msiniambie kwamba Bukavu si Mombasa, nalijua hilo. Sijaomba mtambo wa kurusha mawimbi angani. Nimeomba chaki. Najua vilevile kwamba ziwa lina tabia zake, na kwamba nahodha anayekataa kutoka kwenye upepo mbaya anastahili shukrani, si matusi. Lakini upepo huamua saa ya kufika. Asubuhi ile maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa, na boti ilikaa gatini zaidi ya saa sita.

Na wale watakaonishauri nipite nchi kavu, barabara ya Kalehe na Minova ina karibu kilomita 200, na anayeifahamu hali yake wakati wa mvua, achilia mbali wakati wa vita, hawezi kunipa ushauri huo huku akiniangalia usoni. Watu hupanda boti kwa sababu hawana njia nyingine, na mtu asiyejua boti inayofuata itaondoka lini hujibana kwenye iliyo mbele yake hata kama imekwisha kujaa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiiona kwa macho yao, na makumi ya watu wakafa. Hata idadi ya waliokuwa ndani ilikuwa ya kubishaniwa. Baada ya ajali ya mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria wa ziwa avae jileti ya kuokolea maisha, nasi tunazivaa, zile za rangi ya machungwa zenye kamba zilizokatika. Ratiba na orodha ya abiria ni za daraja hilohilo la usalama, ila hakuna anayezikagua.

Ninachotaka ni kidogo. Saa iandikwe kwa tarakimu, kwa mfumo wa saa 24, ili 07.00 isiweze kuwa 13.00 hata mtu akiifasiri kwa Kiswahili, Kifaransa au Kimashi. Bileti, ubao na simu viseme neno moja. Boti inayongoja watu iandikwe kwamba inangoja watu, nasi tutachagua wenyewe kama tutangoja nayo. Na aliyekwisha kulipa, saa ikibadilika, apelekewe ujumbe kwenye namba ileile aliyoitoa wakati wa kununua bileti, kwa maana namba zetu mnazichukua na sijui mnazifanyia nini.

Arusi yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo, Goma, na safari hii tuko 31. Wakwe wamesema misa ni saa nne asubuhi, kwa hiyo ni lazima tuvuke Ijumaa. Aliyesafiri Ijumaa iliyopita aniandikie hapa chini mambo mawili tu: aliambiwa saa ngapi, na boti iliondoka saa ngapi. Kasiksi nitaifuata hukohuko Goma.