Wakuu, "homely" au "cosy"? Naomba jibu kabla sijalala

Mpwa wa Kilosa: Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba kujua tofauti ya "homely", "homey" na "cosy". Nataka kumsifia mtu aliyenifanya nijisikie niko kwetu. Tangu asubuhi sina raha.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Anayesoma yuko wapi? Kwa Mwingereza "homely" ni sifa njema, utulivu wa nyumbani bila makuu. Kwa Mmarekani, ukimwita mtu hivyo umemwambia hana sura. "Cosy", ambayo Wamarekani huiandika kwa z, ni ya chumba au blanketi. "Homey" ni ya nyumba pia.

Ngalawa77: Tuna mkarimu, tuna mchangamfu, mnahangaika na lugha za watu. Mwandikie Kiswahili, atatafuta wa kumfasiria.

Dada Kanga: Mie yalishanikuta. Nauza nguo Kariakoo, akaja mteja mzungu kujaribu gauni. Likamkaa vizuri kweli, nikamwambia "you look skinny". Akalivua kimya kimya, akaondoka. Jioni mwanangu wa sekondari ndo ananiambia ningesema "slim". Kumbe nimemwita kimbaombao badala ya mwembamba! Hadi leo naumia, maana alikuwa dada mpole.

Mwalimu Mstaafu: Mpwa, hujanijibu. Yuko wapi, na unasifia nyumba au mtu?

Mpwa wa Kilosa: Mtu. Ni mama aliyenipokea kwake Minnesota nilipokuwa masomoni. Leo anatimiza miaka 70. Lakini mwalimu, sisi tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza, na kamusi yangu ya tangu kidato cha pili inasema "homely" ni sifa. Mama ananijua, atanielewa tu.

Mwalimu Mstaafu: Atakuelewa? Ina maana umeshatuma?

Mpwa wa Kilosa: Jana, kwa barua pepe. Binti yake ataisoma mbele ya wageni saa kumi na mbili jioni. Nimeandika "a homely woman".

Ngalawa77: Mungu wangu.

Kibogoyo: Wakuu, hii chai. Mtu kaishi Marekani halafu halijui hilo neno? Na sasa hivi ni saa tatu usiku, hiyo jioni si ishapita? Mleta uzi anatafuta wachangiaji.

Dada Kanga: Nami nimeanza kushtuka. Mpwa, sema ukweli.

Mpwa wa Kilosa: Msimu huu wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Kule sasa ni saa saba mchana. Nilikaa miezi saba, nikila meza moja na mama yule, na hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Sasa ndo naelewa kwa nini. Nilipougua malaria kule, alilala kwenye kiti pembeni ya kitanda changu. Ningetunga hilo ili nipate nini?

Kibogoyo: Basi samahani mkuu.

Mwalimu Mstaafu: Andika "warm-hearted". Hilo ni jema kwa Mwingereza na kwa Mmarekani. Tuma sasa hivi.

Mpwa wa Kilosa: Nimetuma. Hajafungua. Ishafika saa nne kasoro robo.

Dada Kanga: Usingoje afungue. Mpigie.

Mpwa wa Kilosa: Inaita.