Tupeane uzoefu: mikutano ya kupanga kijiji kitakuwaje miaka ijayo

Chumvi ya Mawe: Wakuu, habari za jioni. Kijijini kwetu limebandikwa tangazo la mkutano mkuu, ajenda ni mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wapi tulime, wapi tufuge, msitu uishie wapi, sekondari ijengwe wapi. Mara ya mwisho tulipokaa kwa jambo kama hili watu walirushiana madawati. Aliyepitia haya aseme yaliyomkuta.

Mama Wawili: Kwetu wataalamu wa wilaya walituambia tuchore kijiji chini kwa fimbo na majivu. Wanaume wakachora barabara, msikiti, ghala la korosho na kilabu cha pombe. Wanawake tukachora visima na njia za kuni. Ikaonekana eneo walilotaka kumpa mfugaji ndipo kilipo kisima pekee kisichokauka Oktoba. Tukapigiwa makofi. Nenda ofisini leo, ramani iliyobandikwa ukutani ni ya wanaume.

Kijana wa Stendi: Na kilabu kipo kwenye ramani 😂

Mama Wawili: Kipo. Kimepakwa rangi kabisa.

Mzee wa Mahame: Nyinyi mnaulizwa, shukuruni. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa inahamishia watu kwenye vijiji vipya, lori lilikuja asubuhi, tukapakia vyungu na kuku, minazi tukaiacha. Leo wajukuu wanagombea mahame yale yale kwenye huo mpango mpya, kila mmoja anasema babu yangu alizikwa pale. Na kweli amezikwa.

Jembe Butu: Someni hii. Kijiji sikitaji, mama bado anaishi pale. Kusini huko alikuja mtu anataka shamba kubwa. Ahadi zote mnazozijua: ajira, kisima, zahanati. Mimi nilikwenda kwa arobaini ya baba, nikapitia wilayani kwa mambo ya mirathi. Mfanyakazi mmoja mwenye roho nzuri akanifungulia faili la kijiji. Ndani kuna muhtasari wa mkutano mkuu, muhuri umegongwa, "wananchi wameridhia kwa kauli moja". Nyuma yake, karatasi za mahudhurio. Nikaanza kusoma majina, maana wale wote nawajua. Nikamkuta mwalimu wangu wa darasa la pili, aliyezikwa nikiwa bado sekondari. Nikamkuta shangazi aliyeolewa Mtwara hata njia ya kurudi kaisahau. Nikageuza karatasi, nikamkuta baba. Tarehe ya mkutano ni wiki ile ile tuliyokuwa matangani. Na ameweka saini nzuri ya kuzungusha. Baba yangu hakujua kalamu, maisha yake yote aliweka dole gumba.

Nikatoa kopi. Mkutano uliofuata nikasimama, nikasoma jina moja moja. Watu wakawa wanaitikia: "Marehemu." "Marehemu." "Yuko Dar." "Marehemu." Nilipofika kwa baba, mama akainuka akatoka. Mwenyekiti akatangaza mkutano umeahirishwa kwa sababu ya mvua. Juu hakukuwa na hata wingu.

Kijana wa Stendi: Dah.

Bint Mgwame: Pole sana kaka. Nimesoma huku nalia na kucheka kwa pamoja, Mungu anisamehe.

Mhuri Mbichi: Mimi ni mtendaji, niseme na upande wetu. Mkutano mkuu ni kila miezi mitatu kisheria. Mbiu inapigwa, wanakuja wazee na watoto, vijana wako kwenye bodaboda, na kila mtu anauliza posho iko wapi. Wilaya inadai muhtasari. Utafanyaje?

Bint Mgwame: Kwa hiyo mnaalika makaburi?

Mhuri Mbichi: Sijasema hivyo, dada.

Wakili wa Mitaani: Jembe, shamba lilikuwa ukubwa gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema ardhi ya kijiji inayohamishwa ikiwa chini ya hekta 250, mwenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu. Ikizidi hapo, inakwenda kwa Waziri baada ya mkutano mkuu kutoa maoni. Halmashauri ya kijiji, hata wakae wote 25, haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia.

Jembe Butu: Iliandikwa 240.

Wakili wa Mitaani: Basi nimeelewa.

Fimbo ya Mkwaju: Tuwaache marehemu kidogo. Kila mpango ninaouona, mfugaji anapewa kipande cha mawe mbali na maji, kisha akipita na mifugo shambani anaitwa mvamizi.

Mama Wawili: Si nyinyi mliomaliza mpunga wangu?

Fimbo ya Mkwaju: Ng'ombe wangu unawajua kwa sura?

Mwanakombo wa Lamu: Huku Kenya tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ardhi haiuzwi mpaka theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wakubali. Tatizo ni huko kusajiliwa. Daftari lisipokamilika, hiyo theluthi mbili ni ya nani?

Chumvi ya Mawe: Sasa niende na nini mkutanoni?

Wakili wa Mitaani: Daftari na kalamu. Kabla ya kufunga, simama uombe muhtasari usomwe kwa sauti, upige picha kila ukurasa. Mpango ukipita, kimbilia hatimiliki ya kimila ya shamba lako.

Kijana wa Stendi: Usiende kabisa, wasije wakakuandika.

Bint Mgwame: Asipokwenda ndiyo wanamwandika!

Mzee wa Mahame: Nenda umeshiba. Mwenye njaa hukubali upesi ili arudi nyumbani.

Chumvi ya Mawe: Jembe, lile shamba liliishia wapi?

Jembe Butu: Mwekezaji alipotea, vigingi bado viko. Mwenyekiti aligombea tena 2024, akapita.

Fimbo ya Mkwaju: Na ng'ombe mnawaweka wapi? Hakuna aliyenijibu.