Tenet ya Nolan kwa projekta na sabufa: naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

MwenyeProjekta
Wakuu, heshima mbele. Jumamosi kuna watu kumi na wawili wa kuangalia Tenet ya Christopher Nolan, ile ya 2020 ya watu wanaogeuzwa na kurudi nyuma kwa wakati. Nusu yao wanaapa hakuna kama ile, nusu wanasema ni dakika 150 za makelele. Vifaa ni deki ya Blu-ray, projekta na sabufa yenye spika mbili ndogo. Kwenye majaribio muziki unatikisa mabati, ila mazungumzo yanasikika kama yanatoka nyumba ya pili. Naomba msaada wa mambo mawili: sauti nairekebishaje, na watu niwaandaeje ili ubishi uwe wa filamu yenyewe, si wa "sijasikia". Kwa wapita njia: humu siri zote zitamwagwa.

FundiSabufa
Mkuu, hiyo "nyumba ya pili" ndiyo dalili yenyewe. Kama nyuma ya deki kuna matundu sita ya sauti, nawe umechomeka nyekundu na nyeupe za mbele tu huku setingi ikiwa 5.1 (ya spika tano na sabufa), basi spika ya katikati huna. Na mazungumzo, kwa sehemu kubwa, yamewekwa hapo hapo katikati. Unachosikia ni muziki pamoja na mabaki ya maneno yaliyovujia pembeni. Ingia setingi za sauti za deki, toa 5.1, weka stereo. Deki itaichukua sauti ya katikati, itaipunguza desibeli 3 na kuipeleka kushoto na kulia. Maneno yatarudi hapo hapo.

Kisha washa setingi ya usiku, ile inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Wapenda sauti safi wataguna, lakini sebule ya watu kumi na wawili si jumba la IMAX.

Halafu besi. Muziki wa Ludwig Göransson una mngurumo mzito wa chini, na mngurumo ule hufunika konsonanti: unasikia mtu anaongea, hujui kasema nini. Itoe sabufa kwenye kona, maana kuta mbili na sakafu zinaongeza besi bure. Isogeze hatua moja na nusu, punguza besi kwa theluthi, pandisha treble (sauti za juu) kidogo. Jaribu kwa eneo la katamarani, pale upepo unapovuma na watu wanapigiana kelele. Ukipata nusu ya maneno pale, umefika.

MzeeWaReli
"Umefika" kwa sababu zaidi ya hapo hakuna! Tusimtwishe mwenzetu mzigo wa Nolan. Yeye mwenyewe amesema wazi kwamba anapendelea sauti iliyorekodiwa siku ya kupiga picha kuliko kumrudisha mwigizaji studio akariri upya. Malalamiko haya haya yalikuwepo kwenye Interstellar yake ya 2014. Sasa ongeza barakoa za oksijeni usoni mwa watu nusu ya filamu, uone.

Weka maandishi ya chini, mchezo uishe. Kwa Tenet si aibu.

Kibatari
Naunga mkono maandishi, ila kama unayapakua kando, angalia kitu kimoja. Kuna faili zilizopangwa kwa fremu 23.976 kwa sekunde na nyingine kwa 25. Filamu hii kwenye 25 inaisha mapema kwa dakika kama sita. Kwa hiyo maandishi yasiyolingana yataanza sawa, kufika katikati yamepishana dakika tatu, na kuyasogeza mbele au nyuma hakusaidii kitu maana pengo linazidi kukua. Dalili ni hiyo: ukiyarekebisha mwanzoni, yanaharibika tena mbele. Programu ya Subtitle Edit ina sehemu ya kubadilisha kiwango cha fremu. Fanya hapo, hifadhi upya. Kama pengo ni lile lile mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo kusogeza kunatosha.

Na kwenye projekta, zima ile setingi ya kulainisha mwendo. Maeneo ya kurudi nyuma yana vumbi na moshi unaojikusanya. Kulainisha kunaufanya uonekane kama ute.

BintiWaPazia
Sauti imeshughulikiwa, nije kwenye uelewa. Usiwape watu mhadhara wa entropia na fizikia yake. Wape karatasi yenye mishale mitano.

Mshale wa kwanza kulia: kutoka shambulio la jumba la opera Kyiv mpaka Tallinn. Wa pili kushoto: shujaa anapita kwenye geti la kugeuza, ile mashine ya kumgeuza mtu kwenye wakati, pale Tallinn, anarudi nyuma kwa wakati mpaka uwanja wa ndege wa Oslo. Wa tatu kulia, mfupi, palepale Oslo. Wa nne kushoto: melini, kurudi mpaka tarehe 14, siku ya vita vya mwisho. Wa tano ni vita hivyo vya Stalsk-12, ule mji wa siri wa Kisovieti. Na hiki ndicho wengi hawakioni: vita hivyo na opera ya mwanzo ni siku moja. Filamu imejikunja, mwisho wake umelala juu ya mwanzo.

Rangi zinasaidia pia. Nyekundu ni wanaokwenda mbele, bluu ni waliogeuzwa. Vyumba vya geti viko hivyo, na vikosi vya Stalsk-12 viko hivyo: wekundu wana dakika kumi za kwenda mbele, bluu wana dakika kumi hizo hizo wakitokea upande wa pili. Dakika ya tano jengo moja linajijenga na kulipuka papo hapo, kwa kuwa kila kikosi kimelipiga kutoka upande wake wa wakati.

Simamisha mara moja tu, shujaa anapoingia getini Tallinn. Waulize: yule mwenye barakoa aliyepigana naye Oslo alikuwa nani? Nusu watabisha. Kisha endelea, na wakifika kwenye kontena la kwenda Oslo waangalie mkono wake: jeraha linaanza kuuma kabla hajachomwa, maana kwake kuchomwa kuko mbele, na aliyemchoma ni yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

MzeeWaReli
Dada, maelezo mazuri, na ndiyo hoja yangu pia. Filamu inayohitaji karatasi ya mishale imeshindwa kazi. Shujaa hana hata jina. Kat, mke wa yule adui Sator, kazi yake yote ni kumlilia mwanawe. Takriban dola milioni 205, Boeing 747 ya kweli ikabamizwa kwenye jengo, na mimi sijui nimwonee nani huruma.

BintiWaPazia
Hoja ya Kat nakubali, pale mwandishi alilala. Lakini huruma ipo, imefichwa kwa Neil, mwenzake shujaa. Mfuate yeye peke yake Stalsk-12: anaanza na bluu akiwa amegeuzwa, anaona mtego umewekwa mlangoni mwa handaki, anakimbilia getini na kurudi upande wa mbele, anawavuta wenzake kwa kamba na gari. Akishamaliza anaaga, kwenda kugeuzwa tena ili akafungue lile geti la chuma. Mzee, yule maiti mliyemruka handakini ndiye anayetabasamu mbele yako.

MzeeWaReli
Hilo nalijua. Nililijua kwa kusoma, si kwa kutazama. Tofauti ni hiyo.

FundiSabufa
Mzee hapo kapiga penyewe, ingawa Oscar ya madoido ya picha haikutolewa kwa huruma.

MwenyeProjekta
Nimebadili deki kwenda stereo, maneno yamerudi kweli! Swali la mwisho: kuna mmoja anataka tuweke ile iliyotafsiriwa, yenye msimulizi juu yake. Mnasemaje?

Kibatari
Kwa filamu hii usithubutu. Msimulizi anashusha sauti ya asili kila anapofungua mdomo. Pale Tallinn, Sator anahoji akiwa nyuma ya kioo kwenye chumba cha bluu, na maneno yake yanatoka kinyumenyume. Ile sauti iliyopinduka ndiyo inayokwambia nani yuko upande gani wa wakati. Msimulizi akiifunika, eneo lote linabaki kuwa mtu mwenye hasira nyuma ya kioo.

BintiWaPazia
Kama wanataka maandalizi, wape Memento ya Nolan huyo huyo siku moja kabla: maeneo ya rangi yanarudi nyuma, ya nyeusi na nyeupe yanakwenda mbele, yanakutana mwishoni. Ni fupi, na sauti yake haina ugomvi na mtu.

Na Jumamosi, dakika za mwanzo pale opera, mwambie mmoja tu akodolee macho begi la yule askari anayemwokoa shujaa. Kuna kijikamba chekundu kinaning'inia. Asiwaambie wenzake mpaka kionekane tena.