Tupeane uzoefu: Mliosoma nje wakati wa korona, sentensi yenu ya kwanza ya kuomba msaada ilikuwa ipi?

Mzee wa Tambi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Juzi tulikaa mezani watu wanne, wote tulisoma Wuhan, tukapiga stori zilezile. Mji ulifungwa Januari 23, 2020, ukafunguliwa Aprili 8. Siku 76. Kupimwa joto asubuhi na jioni, kabichi mpaka tukaichukia, wenzetu wa Morocco na Algeria kufuatwa na ndege na sisi tukabaki dirishani tunawapungia mkono. Tunacheka. Halafu mmoja akauliza, "Hivi nyie mlikuwa mnalala?" Meza ikanyamaza. Miaka yote hii hatujawahi kuulizana.

Basi naanza mimi. Mwezi wa pili usingizi ulikata kabisa. Mama yuko Singida, tumepishana saa tano, kila akipiga namwambia niko salama, tunakula vizuri. Nikikata simu naangalia dari mpaka kunakucha. Moyo unakwenda mbio kama nimepanda ngazi. Nikajua ndiyo korona yenyewe imenipata, nikawa najipima joto mara kumi kwa siku. 36.4. Nasubiri kidogo, najipima tena. 36.4.

Mwalimu aliyetusimamia sisi wa kigeni alikuwa anapita koridoni na orodha yake ya joto. Siku moja nikamwambia, "Silali." Ndicho Kichina nilichokuwa nacho. Huzuni, hofu, upweke, sikuwa na maneno yake, na nikisema kweli hata kwa Kiswahili nisingeyatamka. "Silali" unaweza kulisema mbele ya mwanaume mwenzako na heshima ikabaki. Akaliandika pembeni ya joto langu. Kesho yake akaniletea mawasiliano ya daktari wa kuongea naye kwa WeChat, na kila saa 1 asubuhi akawa ananigongea tufanye mazoezi ya viungo, kila mtu mlangoni kwake, korido nzima ikituchungulia. Aibu ile ilinisaidia kuliko nilivyotegemea.

Sasa swali langu si "ulipitia nini", hayo tunayajua. Nataka ile sentensi ya kwanza. Ulimwambia nani, na ulisema nini hasa? Kama hukusema, ni nini kilikuziba mdomo? Msitaje vyuo wala majina.

Binti wa Ng'ambo

Mie nilikuwa Kuala Lumpur. Amri ya kutotoka ilianza Machi 18, misikiti ikafungwa, na Ramadhani ikatukuta Aprili humohumo ndani. Chumba kimoja, dirisha moja, jiko la umeme.

Sikwenda kwa mnasihi. Nilimpigia shangazi Unguja nikamuuliza uji wa ngano unapikwaje. Uji wa ngano naujua tangu nina miaka minane. Yeye naye anajua kuwa naujua. Akanieleza hatua kwa hatua kama mtoto, mie nakoroga na machozi yananitoka, simu imeegemea chupa ya mafuta. Akaona. Hakusema lolote ila, "Koroga, usishike chini." Toka siku hiyo kila magharibi ya kule simu inawashwa, nafuturu mbele yake, ilhali kwao bado mchana na yeye anachambua mchele.

Baada ya Idi ndipo akaniambia, "Mwanangu, hili si la uji. Tafuta mtu wa kazi hiyo." Mama akasoma kisomo, mie nikaanza vikao na mwanasaikolojia kwa simu, na wala havikugombana.

Njia Panda

Mtanisamehe. Hii "afya ya akili" ni mambo ya wazungu. Sisi tumekulia kwenye njaa, tumetembea kilomita saba kwenda shule, leo ukae kwenye chumba chenye hita na intaneti useme una msongo? Muombe Mungu, fanya mazoezi, soma.

Nesi Mstaafu

@Njia Panda kilomita saba ulitembea na nani? Na wenzako kumi mnarushiana kokwa za maembe njiani. Kaa mwezi mzima bila kuguswa hata bega halafu uje hapa tuongee.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Shida yetu ni kwamba mtu akisikia "mnasihi" anaona geti la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Hakuna kituo katikati. Ama mzima, ama Dodoma.

Kamau wa Baridi

Huku kwetu geti lenyewe linaitwa Mathari, dada. Ni lilelile.

Mimi nilikuwa Marekani, jimbo la mahindi, sisemi lipi. Nauli yangu ilitoka kwa harambee: kanisa, wajomba, mpaka chama cha mama. Kikundi cha WhatsApp cha ile harambee hakijavunjwa hadi leo. Kila Jumapili mtu anauliza, "Injinia wetu anaendeleaje?" Sasa hapo utaandika nini?

Julai 6, 2020 serikali ya kule ikatangaza kwamba wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote yako mtandaoni waondoke nchini. Waende wapi? Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tangu Machi, zilirudi Agosti 1. Harvard na MIT wakaenda kortini, na Julai 14 amri ikaondolewa. Watu wanakumbuka kwamba iliondolewa. Mimi nakumbuka zile siku katikati: nilipakia sanduku, nikapakua, nikapakia tena, na ndani mlikuwa na jaketi mbili tu na sufuria.

Nikaweka miadi na kituo cha ushauri cha chuo, kwa video. Kabla hujaanza unapewa fomu ya maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi, umejiona umeiangusha familia yako, hadi lile la tisa ambalo waliolijaza wanalijua. Kila swali unajipa alama, sifuri hadi tatu. Nikajaza sifuri zote tisa. Ilikaa kama mtihani, na mtoto wa harambee hafeli mtihani.

Yule mama akaiangalia, akasema, "Kwa fomu hii uko sawa kabisa. Umekuja kwa nini?" Nikanyamaza. Nilikuwa nasikia friji ya jirani. Halafu nikasema sentensi yangu: "Naomba nijaze tena."

Tulienda vikao vinne vizuri. Agosti nikahamia kwa binamu jimbo lingine kuokoa kodi, na vikao vikakatika, kwa sababu leseni yake ilikuwa ya jimbo lile tu, hata kama mnaongea kwa video. Mlioko Marekani, ulizeni hilo kabla hamjafunga virago. Mimi nilianza upya na mtu mwingine, na kuanza upya kulinichosha kuliko kuanza mara ya kwanza.

Njia Panda

Kwa hiyo ulipewa dawa?

Kamau wa Baridi

Baadaye, ndiyo. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu, nikataka kuzitupa. Daktari alikuwa ameniambia mapema zinachukua wiki kadhaa. Kwani wewe mbona unauliza kama mtu anayeuliza bei?

Chapati Mbili

Uingereza, shahada ya uzamili. Kilichoniziba mdomo ni viza. Niliamini kabisa kwamba ukimwambia mtu yeyote chuoni kichwa chako hakiko sawa, taarifa inakwenda uhamiaji na unarudishwa. Nani alinieleza? Hakuna. Tulikuwa tunaambiana sisi kwa sisi, wote hatujui, kila mtu anaongeza chumvi yake.

Na kumbe nilishalipia! Wakati ule mwanafunzi alikuwa anatoa pauni 300 kwa mwaka za huduma ya afya pamoja na maombi ya viza. Nilizilipa, nikazisahau, na sikujiandikisha kwa daktari wa mtaa mpaka mwezi wa nane. Mtu analipia nyumba halafu analala barazani.

Sentensi yangu ilikuwa ya uongo. Nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe usiku wa manane: "Naomba siku tano za nyongeza, laptopu yangu imeharibika." Laptopu ilikuwa nzima, ndiyo niliyokuwa naandikia. Akajibu asubuhi, akanipa siku saba, na chini akaweka mstari mmoja: na mwenye laptopu, naye anaendeleaje? Nilikaa na mstari ule siku mbili. Siku ya tatu nikajibu neno moja, "Vibaya." Kwa Kiingereza ni neno dogo, lakini mikono ilitetemeka kama naandika wosia.

Kwa wanaosoma huko sasa, nilichokuja kujua: mnayoongea na mnasihi wa chuo ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kinachogusa viza ni kuahirisha masomo, hilo chuo kinalazimika kutoa taarifa. Ni mambo mawili tofauti. Mimi niliyafunga kitambaa kimoja nikayabeba kichwani miezi minane.

Suji ya Pune

India. Machi 24 saa mbili usiku waziri mkuu anatangaza, saa sita usiku nchi imefungwa. Tulikuwa saba ndani ya nyumba ya watu wanne, ugali wa suji asubuhi na jioni.

Mimi sikusema chochote. Niliacha kuoga. Mwenzangu wa Kigoma akanivumilia siku kama kumi, siku ya kumi na moja akaleta ndoo ya maji ya moto mpaka mlangoni, akasema, "Mimi au wewe?" Basi. Hakuna zaidi. Sijui kama hiyo inahesabika, Mzee wa Tambi.

Mzee wa Tambi

Inahesabika. Sentensi aliisema yeye badala yako.

Dada Mkubwa

Mimi sikusoma nje. Nilikuwa upande wa pili wa simu, nadhani na sisi tuna la kusema hapa.

Mdogo wangu alikuwa Ujerumani. Fedha ya kwenye akaunti yake ilitolewa kwa kipimo kila mwezi, na ya ziada aliipata kwa kuosha vyombo mgahawani. Novemba 2020 migahawa ikafungwa tena. Huku kwetu, Tanzania, mambo yalikuwa yamekwisha, au tulijiambia yamekwisha: takwimu zilishakoma kutangazwa, vyuo vilifunguliwa tangu Juni 1, sisi tuko kwenye vikao vya harusi. Akipiga simu anasikia muziki nyuma yangu.

Desemba, siku moja, akaniambia, "Dada, huku saa kumi jioni ni giza."

Nikamwambia, "Si uwashe taa."

Nikacheka. Na yeye akacheka. Nikamuuliza masomo, akasema yanaenda, nikamwambia kaza buti, baba anakutegemea. Baada ya hapo akawa anajibu kwa alama ya dole gumba tu. Nikaona ameshakuwa mzungu, anaringa. Aliyegundua ni jirani yake wa korido, mwanafunzi kutoka Syria, aliyeona barua zinajaa kwenye kisanduku. Alilazwa. Sisi nyumbani tuliambiwa ni malaria imerudi, tukaamini, malaria Ujerumani mwezi wa kwanza!

Yuko hai, amemaliza, ana mtoto. Aliporudi likizo tukawa jikoni, nikamlaumu: kwa nini hukuniambia? Akasema, "Nilikuambia." Lini? "Nilikuambia kuna giza."

Mzee wa Tambi, umeuliza sentensi ya kwanza. Ya kwetu ndiyo hiyo. Niliijibu kwa "washa taa".

Nesi Mstaafu

Usijichape sana, Dada. Hata sisi wa wodini tunazikosa. Watu wetu wanakuja na kichwa, kifua, tumbo linaungua, "kuwaza sana". Ukimuuliza kama ana sonona anakataa, na wala hadanganyi, neno lenyewe hajawahi kuliishi. Siku hizi nauliza tu, "Unakula na nani?"

Njia Panda

Ugali wa suji unakuwaje? Unashika?

Suji ya Pune

Haushiki, mkuu. Unateleza kama siasa.

Njia Panda

Haya. Mimi nilikuwa Urusi, 2019 hadi 2022. Nitaandika siku nyingine.

Mzee wa Tambi

Uzi haufungwi, mkuu.

Kimya Kingi

Shikamooni. Nimesoma zote. Wakati wa korona nilikuwa kidato cha pili, kwa hiyo sihusiki. Ila niko nje sasa, mwaka wa kwanza. Naruhusiwa kuandika?

Mzee wa Tambi

Marahaba. Andika.

Kimya Kingi

Mkate uliisha Ijumaa, na duka liko hapohapo chini ya jengo.

Mzee wa Tambi

Na leo Jumatano. Nimekuelewa. Kwenu sasa ni saa ngapi? Njoo inboksi, niko macho.