Kompyuta ya mezani inachemka na kujizima, naomba ushauri

Wakuu, habari za muda huu. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, hapa nyumbani Mbagala. Nachapia kazi za watu na mwanangu anasomea. Wiki ya pili sasa inajizima ghafla. Ukiiwasha papo hapo haimalizi dakika 5. Ukiiacha ipoe nusu saa, inadumu kidogo. Feni inanguruma mno. Jana nimeingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla kompyuta haijawaka kamili), prosesa inasoma nyuzi joto 91 na hakuna kazi inayofanya! Fundi anasema mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa, ninunue nyingine. Hela hiyo sina. Nisaidieni.

Kipanga: Mkuu, usinunue kitu bado. Mazabodi iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa. Hiyo inajilinda: prosesa za Intel za kizazi hicho zikifika karibu nyuzi 100 hupunguza kasi, joto likizidi zinakata. Chomoa umeme, fungua keisi, tazama chini ya feni ya prosesa. Naamini utakuta vumbi limeshikana kama blanketi.

Mama Tuma: Mimi yangu naiacha wazi na feni ya mezani inaipuliza, haizimi.

Kipanga: Kwa siku mbili sawa dada, ila vumbi litaingia maradufu. Mleta uzi, ukipuliza kwa blowa ishikilie feni kwa kidole isizunguke, isije ikaharibika.

Fundi wa Gongo la Mboto: Mara nyingi vumbi pekee halifikishi 91 ikiwa imetulia. Feni ya Intel ina miguu 4 ya plastiki. Mmoja ukichomoka, chuma cha kupozea kilicho chini ya feni hakigusi prosesa sawasawa. Itoe feni na chuma chake, futa pesti ya zamani (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma) kwa spiriti na kitambaa laini, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Rudisha miguu kwa mshazari, ukandamize mpaka kila mmoja ulie "tak".

Mleta uzi: Wakuu, Mungu awabariki. Mguu mmoja ulikuwa unaning'inia, na pesti imekauka inapukutika kama chokaa ya ukutani. Nimefanya kama mlivyosema, BIOS inasoma 46. Tangu saa nane mchana haijazima.

Fundi wa Gongo la Mboto: Safi sana. Imekaa wapi hapo nyumbani?

Mleta uzi: Ndani ya kabati la meza, mgongo umegusa ukuta.

Fundi wa Gongo la Mboto: Itoe humo leo leo mkuu. Hewa ya moto inatokea mgongoni.