Shelfu nyeupe nyumbani: wenye nazo tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Fundi kanipa machaguo mawili ya shelfu ya sebuleni: bodi nyeupe ya melamini, au mbao ya mkongo ipigwe vanishi. Mke wangu haambiliki, anataka nyeupe. Tumepanga Tabata, dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani. Nataka kusikia kwa walioishi nazo, sio walioziona kwenye picha.

Mdau wa Dodoma
Kwa dirisha hilo, shemeji yuko sahihi. Shelfu nyeupe kwenye ukuta mweupe huwa kama haipo, na sebule ndogo inapumua. Karaha ni vumbi. Huku kwetu ni jekundu, asubuhi umefuta, jioni unaandika jina lako kwa kidole.

Mama wa Mbagala
Sebuleni sawa, jikoni jipange kwanza. Mvuke wa mafuta ya kukaangia samaki unapanda, unatua kwenye shelfu, unashika vumbi na kuwa utando wa njano unaonata. Binti wa kazi akausugua kwa stilwaya. Ule mng'ao ukaondoka, na sasa uchafu umekaa ndani ya mikwaruzo, hautoki hata ufanyeje. Dawa ni maji ya vuguvugu, sabuni ya maji na kitambaa laini, siku hiyohiyo. Ila nikiri faida moja: mende hawana pa kujificha. Kwenye kabati la kahawia nilikuwa nafuga ukoo mzima, vinyesi vyao sivioni!

Fundi, Keko
Rangi mnaionea bure, angalieni kilicho chini yake. Melamini ni karatasi ngumu iliyogandamizwa juu ya chipubodi (bodi ya vipande vidogo vya mbao) au MDF (bodi ya nyuzi za mbao). Weupe wake unadumu, adui yake ni maji. Yakipenya kwenye ukingo, bodi inavimba na ikishavimba hairudi. Kwa hiyo kagua ile ejingi, utepe unaofunika kingo za bodi, kabla hujalipa, pitisha kucha kwenye kona zote, hasa upande wa chini ambao mafundi wengi tunauruka.

Mbao iliyopakwa nyeupe ina mambo yake. Rangi ya mafuta hugeuka njano, na kwenye giza ndiyo huwahi zaidi. Fungua kabati la zamani, utakuta ndani pana njano kuliko nje. Bora rangi ya maji ya kupakia mbao. Kama ni paini, vile vifundo vizibwe kwanza, la sivyo utomvu unapenya na doa linarudi juu ya rangi mpya.

Na vitabu: bodi ya milimita 18 ukiiachia mita nzima bila nguzo ya kati, itapinda tu.

Mdau wa Morogoro
Fundi kamaliza. Mimi naongezea mchwa. Ile njia yao ya udongo kwenye shelfu nyeupe unaiona ukiwa mlangoni.

Wa Lamu
Mwazungumza kama jambo jipya. Nyumba zetu za mawe zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya plasta nyeupe vya kuwekea vyombo vya kaure. Sahani ya buluu ikikaa mle, macho yote huenda kwake. Ndiyo kazi ya weupe, kukitokeza kilichowekwa. Sasa wewe mtoa mada, wataka kuweka nini? Kama ni chaja, risiti za umeme na dawa za kikohozi, hizo nazo zitaonekana vilevile.

Mtoa mada
Hahaa, umenishika hapo, ndivyo vilivyojaa juu ya friji sasa hivi. Basi tunachukua nyeupe, na chini tunaweka droo mbili za kufichia hayo makorokoro. Fundi, mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, kwa hiyo iwe ya kusimama yenyewe, nguzo ya kati iwepo. Sakafu hupigwa deki kila siku, bodi isiguse chini. Utaweka miguu ya chuma au ya plastiki?

Fundi, Keko
Plastiki, inchi nne. Chuma kitaota kutu na kuchafua hiyo sakafu.